Chuma Kilichokula Jicho la Papa Yako

Nabintu wangu,

Begi lako liko karibu na mlango, umelifunga kwa kamba kana kwamba lina miguu. Sitakuandikia habari za chandarua, wala maji ya kuchemsha, wala wanaume wa Kolwezi. Hayo umeyasikia hadi masikio yamechoka, na mengine nadhani unayajua kunishinda.

Ninakuandikia kwa sababu ya jibu ulilompa yule bwana wa atelie, ile karakana ya vyuma ya Kolwezi, kwenye simu. Alikuuliza kama umewahi kukereza aloi za nikeli, vile vyuma vinavyowekwa ndani ya injini za ndege na penye matanuru, vyuma visivyoogopa moto. Ukamjibu, "Mimi bado, papa. Lakini maman yangu alikata." Akacheka kidogo. "Maman yako?" Ukasema, "Ndiyo, maman yangu." Na kazi ukapewa. Mimi nilikuwa nyuma yako na sufuria ya sombe mkononi, nikajifanya nashughulika na makaa.

Ni kweli nilikata. Lakini wewe unajua vipande tu. Unajua jicho, unajua mkanda, unajua siku papa yako alipotoka humu ndani ameshikilia mkono wake. Hujawahi kusikia jambo lote kuanzia mwanzo, kwa sababu sijawahi kulisema, na wewe hujawahi kuuliza. Sasa unakwenda kusimama mbele ya chuma kile kila asubuhi. Sitaki ukisimamie na vipande.

Papa yako, Bisimwa, hakuwa mtu wa kupiga. Nianze hapo, maana wewe ulianza kumkumbuka baadaye, alipokwisha kubadilika. Alikuwa mtu wa kuimba vibaya misani na kucheka mwenyewe. Kule mtaani Kadutu walimjua hata watu wasiokuwa na chuma cha kukereza. Mashine yake ya kukerezea, ile tour kubwa ya zamani iliyotoka kwenye kiwanda cha chai, aliipangusa kila jioni kabla ya kupangusa uso wake. Mimi niliingia atelie ile kumletea chakula tu. Siku moja nikaona kisu cha kukerezea kimekuwa butu, nikakinoa kwenye jiwe lake la kijani, kama nilivyokuwa nikinoa visu vya mama yangu. Akakijaribu, akasimamisha mashine, akanigeukia.

"Nani alikufundisha?"

"Hakuna."

"Basi kutoka leo njo weye utakuwa unanoa."

Ndivyo nilivyokuwa mtu wa atelie. Yeye alikereza, mimi nilinoa. Tulikuwa na miaka mizuri, mwanangu. Wewe ulikuwa unapoteza meno ya utoto wakati ilipokwisha.

Walikuja asubuhi yenye mvua, na gari aina ya jipu lisilokuwa na namba. Yule mkubwa wao tulimwita Komanda, jina lake jingine sitaliandika hapa. Alikuwa na mashine ya kusaga mawe ya dhahabu huko milimani, upande wa Luhwindja. Askari wake wakashusha kitu kizito kilichofungwa kwa turubai, wakakitupa sakafuni. Kilipogonga saruji, kililia kwa sauti nyembamba ndefu, si sauti ya chuma nilichokijua.

"Muzee Bisimwa njo weye?"

"Njo miye, mukubwa."

"Hii ilitoka mu ndege ya mizigo ile ilianguka. Utanitengenezea shafti ya mashine yangu. Zile zingine zinavunjika kila siku."

Papa yako alichuchumaa, akachukua tupa, akakwaruza. Tupa ikateleza kama kwenye kioo. Akaangalia meno ya tupa, akaangalia chuma, akainuka.

"Mukubwa, hii chuma iko ya kukaa mu moto. Itakula visu zangu zote. Na kule mu mawe, sijui kama itakusaidia."

"Mi sikukuuliza inapenda kukaa wapi."

"Siwezi kukudanganya. Kwa hii mashine yangu, siwezi."

Komanda hakupandisha sauti. Alitikisa kidevu tu, na askari mmoja akampiga papa yako mdomoni kwa kitako cha bunduki. Alipoanguka, wakampiga mbavuni, mmoja baada ya mwingine, kwa utulivu, kama watu wanaotwanga muhogo. Nilisikia mbavu zikivunjika. Nilimrukia askari aliyekuwa karibu, nikamng'ata mkono, nikapata damu yake mdomoni, halafu nikajikuta ukutani na sikio langu likilia. Wewe ulikuwa shule. Namshukuru Nyamuzinda, Mungu wetu, mpaka leo kwamba ulikuwa shule.

Mugisho, tonton yako, mdogo wake papa yako, aliingia wakati huohuo na baiskeli aliyoazima kwa kaka yake. Maskini, alikuja kuirudisha.

"Huyu nani?" Komanda akauliza.

Sura zao zilifanana. Wakamfunga mikono nyuma, viwiko vikagusana, wakamtupa ndani ya jipu kama gunia.

"Shafti yangu ikizunguka, ndugu yako atarudi na miguu yake," Komanda akamwambia papa yako, ambaye alikuwa bado chini. "Isipozunguka, nitakurudishia yeye kipande kwa kipande."

Wakaondoka. Askari mmoja akabaki, akaketi juu ya pipa la mafuta na bunduki mapajani. Yule niliyemng'ata.

Sasa sikiliza habari ya chuma.

Papa yako alianza kukikereza kwa mwendo wa chuma cha kawaida. Kisu kiligusa, kikapiga yowe la nguruwe anayechinjwa, ncha ikawa nyekundu, ikawa nyeupe, halafu haikuwepo tena. Pale ilipopita, shafti iling'aa. Akafunga kisu kingine, akagusa palepale, polepole, kwa woga. Kikateleza bila kukata kitu. Ile ni tabia yake mbaya, na wewe utaijua kwa mikono yako: ukikisugua bila kukikata, kinakuwa kigumu kuliko kilivyokuwa. Ukisita juu yake kidogo tu, ngozi yake inakaza. Na joto halitoki na nyuzi zinazokatwa, linabaki kwenye ncha ya kisu na kuitafuna.

Alijifunza njia yake kwa kupoteza visu, na kila kisu kilichovunjika tulikiona kama kidole cha Mugisho. Mzunguko wa polepole. Kuingia ndani, chini ya ile ngozi ngumu, na kuendelea bila kusimama. Maji ya mafuta yamwagike muda wote. Na kisu kibadilishwe kikiwa bado kinakata, kisingojewe kife.

"Haitaki kubembelezwa," alisema, na kila neno lilimuuma mbavuni. "Ukiigusa, kata. Kama hutaki kukata, usiiguse."

Nilinoa na kumwaga maji, nilimwaga maji na kunoa. Moshi wa mafuta ulitujaa kooni. Nyuzi za chuma zilitoka ndefu, za buluu, zenye makali pande zote mbili, hazikatiki, zinajirusha hewani zikitafuta pa kushika. Moja ilinizunguka mkono ikanivuta. Nilijinasua, lakini ilikuwa imeshafika kwenye weupe wa mfupa. Hilo kovu ambalo navalia saa juu yake, ndilo hilo. Askari alicheka kwenye pipa lake.

"Maman, ile chuma inakula batu!"

Katikati ya kazi Komanda alituma shati la Mugisho. Hakutuma neno. Shati lilikuwa limekauka, gumu kwa damu, lilisimama lenyewe sakafuni pale nilipolitupa. Papa yako aliliangalia, akarudi kwenye mashine, na kuanzia saa ile hakusema nami tena ila "maji" na "kisu."

Asubuhi ilipofika ya kumaliza upande wa mwisho, umeme ulikatika kisu kikiwa ndani ya chuma. Unajua ukimya ule. Mashine ikasimama, kisu kikabanwa. Papa yako alijaribu kukirudisha nyuma kwa gurudumu, kikakataa. Akainama, akasogeza uso karibu aone kimeshikwa wapi. Mkono wa kuwashia mashine ulikuwa bado umeshuka, mahali pa kuwaka, na hakuna kati yetu aliyeupandisha. Mimi nilikuwa karibu nao zaidi. Umeme wa Bukavu ukienda, unajua, mtu anaweza kupika maharage yakaiva kabla haujarudi. Nani angefikiri?

Ulirudi palepale. Mandrini, ile taya inayoshika chuma, ilizunguka kwa nguvu yake yote, na kisu kikapasuka kama risasi. Hata askari alilala chini. Nilipoinua kichwa papa yako alikuwa bado amesimama, ameweka kiganja usoni, na kitu kilikuwa kinateremka kati ya vidole ambacho hakikuwa damu tu.

"Zima," akaniambia. "Zima mashine." Nikazima. Ndipo akaanguka.

Majirani walikuja, wakamweka kwenye mlango uliong'olewa wampeleke hospitali. Nilishika kona ya mlango. Askari akanishika kitambaa cha kichwa akanivuta nyuma.

"Weye unabakia. Chuma haijaisha."

"Ni bwana yangu! Anakufa!"

"Anaenda kwa munganga. Weye si munganga. Shafti iko ya Komanda." Akaweka mdomo wa bunduki hapa, chini ya kidevu changu, mahali ambapo wewe ukiwa mtoto ulipenda kunusa. "Wenye walikuwa banakata chuma humu ndani walikuwa wawili. Mumoja amebakia."

Nilibaki. Nabintu, niandike waziwazi: nilibaki na nikafanya kazi. Nilitapika kwanza, ndani ya ndoo ya maji ya mafuta. Halafu nikatafuta kipande cha kisu kilichokuwa kimezama ndani ya shafti, maana kisingetoka kingevunja kisu kingine. Nilikitoa kwa patasi na nyundo, na kwa kila pigo moyoni nilikuwa nampiga yule askari usoni. Nikanoa kisu cha mwisho kizuri tulichokuwa nacho. Sikuwahi kushika gurudumu mashine ikizunguka. Nilijua tu sauti, kwa sababu miaka yote ile nilikuwa nasikiliza visu nilivyonoa vikifanya kazi.

Damu ya papa yako ilikuwa kwenye mpini wa gurudumu. Nikashusha mkono wa mashine, nikaingiza kisu chini ya ngozi ya chuma, nikaenda. Sikusimama. Kilipiga kelele, nami nikapiga kelele, matusi ya Kiswahili na ya Mashi ambayo sijayatamka tena. Maji nilimlazimisha askari amwage. Ndiyo. Nilimgeukia nikamwambia, "Mwaga, mbwa weye, ama shafti ya Komanda itaungua mukononi mwako," na akashuka kwenye pipa, akachukua jagi, akamwaga. Sijui aliona nini usoni mwangu.

Ilipotimia kipimo, nilizima, nikaketi sakafuni kwenye zile nyuzi zote. Zilinikata miguu, sikusikia.

Komanda alikuja akaichukua. Aliipitisha kidole, akasema, "Bon." Basi. Mugisho akarudi na miguu yake, kama alivyoahidiwa, ila meno ya mbele hayakurudi, na sikio moja halisikii mpaka leo. Kama ile mashine ilizunguka au ilivunjika, hatujui. Hakuna aliyekwenda kuuliza.

Wewe ulidhani hadithi inaishia hapo, kwa jicho. Hata mimi nilidhani.

Fundi mwenye jicho moja hapimi umbali, mwanangu. Papa yako alirudi kazini na kitambaa usoni, akasogeza kisu, akadhani bado kiko mbali, na kikagonga mandrini. Mara nyingine tena. Wateja walikuwa na adabu, wakangoja mwezi hivi, kisha wakaenda kwingine. Akaanza kunywa kasiksi, ile pombe ya ndizi, mchana. Na mtaani watu walikuwa na wimbo mmoja: bibi yake njo alimaliza shafti. Walisema kwa kunisifu. Hawakujua kila sifa inanirudia usiku kwa ngumi.

Mara ya kwanza aliponipiga alisema, "Uliniacha chini, ukaenda kwa mashine."

"Askari alinizuia, Bisimwa. Uliza majirani."

"Uliniacha chini."

Hakuuliza mtu. Alikuwa ameshaamua alichokiona, na alikiona kwa lile jicho ambalo halikuwepo. Alinipiga kwa mikono, baadaye kwa chochote. Alinivunja kidole hiki kisichokunjika. Nilifunga kitambaa vizuri, nikaenda misa, na mamans wa parokia waliniangalia shingo wakaniambia nivumilie, ni vita vilimharibu. Ilikuwa kweli, vita vilimharibu. Lakini mimi ndiye niliyekuwa naharibiwa jikoni.

Sasa nafika mahali ambapo kalamu imekuwa nzito tangu nilipoanza.

Ulimwaga beseni la maji. Basi, ni hilo tu ulilofanya. Mimi nilikuwa nimepigwa usiku ule, na maji yale nilikuwa nimeyapandisha mwenyewe kutoka bombani, na mkanda wa mashine uliokatika ulikuwa umetundikwa msumarini. Nilikupiga kwa mkanda ule, Nabintu. Nilikupiga miguuni na mgongoni, na si kwa ajili ya maji. Nilikuwa nimeingia chini ya ngozi na nilikuwa siwezi kusimama. Ulilia mwanzoni. Halafu ukaacha kulia, na hilo likanitia hasira zaidi. Halafu ukageuka, ukanitazama kutoka pale chini, ukasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayemsaidia mgeni aliyepotea njia:

"Maman, miye siko papa. Miye niko Nabintu."

Mkanda ulianguka. Sikuuangusha mimi, ulianguka. Nilikaa na wewe kwenye yale maji na sikuweza kukugusa, na wewe hukutaka kuguswa. Alama iliyo nyuma ya paja lako haikutoka kwenye chuma chochote. Ukiulizwa Kolwezi, sema unavyotaka. Ila mimi na wewe tusiseme tena kwamba ulianguka kwenye ngazi. Nilikufundisha uongo ule ukiwa mdogo ili kujisitiri mimi.

Jioni moja ya juma lilelile papa yako alirudi amelewa, akaniita, sikutoka, na wewe ndiye uliyemfuata mlangoni kumwambia chakula kiko tayari. Akainua mkono juu yako. Hakuwa bado amepiga. Sikungoja apige. Nilichukua ile nondo ya kuzuia mlango nikampiga mkononi, na nikasikia mfupa. Alianguka, akanitazama na lile jicho moja. Nikainua tena. Nataka ujue hili, kwa sababu watu wanasimulia kwamba nilimpiga mara moja kukukinga, na inapendeza kusikia hivyo. Mara ya kwanza ilikuwa kwa ajili yako. Ya pili ilikuwa ni yangu, nilitaka kichwa, na nilikuwa na furaha.

Mugisho alinishika nyuma. Alikuwa amesikia kelele kutoka barabarani, kwa sikio lake moja.

"Shemeji, acha. Ukimumaliza huyu, weye utaenda gereza, na mutoto atabakia na nani?"

"Niache nimumalize!"

"Hapana. Mulinitoa mikononi mwa Komanda nyinyi wawili. Sitaacha mumoja aue mwenzake mbele yangu."

Alinishikilia mpaka nondo ikashuka. Kisha akamwinua kaka yake, akamfunga mkono kwa fulana yake mwenyewe, akamtoa. Alimpeleka Luvungi, kule tambarare ya Ruzizi, ambako alikuwa amepata shamba la mpunga. Papa yako hajalala tena ndani ya nyumba hii.

Nilirudi kwenye mashine kwa sababu tulihitaji kula. Hakuna ushujaa hapo. Wateja walikuja wakimtafuta fundi, wakanikuta mimi, wengine wakageuza, wengine wakabaki. Wewe ulifanyia kazi zako za shule kwenye lile pipa. Ulijua kupima kwa ile koleo ya kupimia kabla ya kujua kusuka nywele. Wakati ulipotaka kwenda shule ya ufundi nilikukatalia, unakumbuka, na tukanuniana. Ulidhani ni kwa sababu u msichana. Nilikuwa naogopa, siku moja utaweka uso karibu na chuma kilichobanwa. Leo umenishinda kwa mahesabu na kwa mashine za kompyuta, na bado naogopa. Umeme ukikatika, zima kwanza. Usiangalie kwanza. Hilo moja niruhusu nikuamrishe.

Kuhusu hasira, sina cha kukuamrisha. Wengine watakuambia inaisha. Ya kwangu haikuisha. Mji huu umebadilisha wenye bunduki tangu wakati ule, na kila ninapoona kijana ameketi na bunduki mapajani, ladha ya damu ya yule askari inanirudia kwenye ulimi. Nimejifunza tu kuijua inapoingia mlangoni, na kujiuliza ni ya nani, kabla sijaangalia ni nani aliye karibu na mikono yangu. Mara nyingi aliye karibu siye mwenye kosa. Nilijifunza kwa mgongo wako, na hiyo ni bei ambayo ulilipa wewe.

Wala sisemi papa yako alikuwa kama chuma kile, au kwamba nilipaswa kumkata hivi ama vile. Nimesikia watu wakisema mambo ya namna hiyo kwenye matanga. Chuma hakina jioni ambayo kiliimba vibaya ukacheka. Papa yako anayo.

Kesho gari la Uvira, lile utakalopanda, litapita Luvungi. Mugisho alinipigia. Papa yako anajua unasafiri, na atasimama kando ya barabara, pale wanapouza nyanya. Haombi ushuke. Alisema hivi, nakuandikia kama alivyosema: "Nitasimama tu. Akiona vizuri kupita, apite, nitaona gari." Haonji tena kasiksi, Mugisho anaapa, na anatengeneza pampu za maji za watu wa mpunga kwa kupapasa. Juzi ulisema hutashuka. Sikukujibu, ukadhani nimekasirika. Sikukasirika. Mimi mwenyewe nilikwenda Luvungi mara moja, tukaketi, hakuna aliyeomba msamaha, tukala wali, nikarudi. Mpaka leo sijui kama nilifanya vema au vibaya. Dereva atasimama ukimwambia asimame, na atapita ukinyamaza. Usishuke kwa ajili yangu, na usipite kwa ajili yangu.

Nimebakiza jambo la jioni hii.

Tulipokuwa tunamenya ndizi, niliona uzi mweupe umeshika kwenye nywele zako, nikanyoosha mkono kuutoa. Ukafumba macho. Mabega yakapanda, kisu kikasimama mkononi mwako. Ilikuwa kitambo kidogo tu, kisha ukafumbua, ukacheka, ukasema moshi wa taa unakuchoma macho. Mwanamke mzima, fundi, na mwili wako bado unaujua mkono wangu kwa upande ule. Nilirudisha mkono wangu, na uzi nikauacha.

Asubuhi, pale gari linapopakia, nitasimama nimeishusha mikono yote miwili. Usifikiri ni ubaridi. Ukitaka kunikumbatia, njoo wewe kwanza, na usipotaka, panda gari mwanangu, mimi nitakupungia.

Maman yako